Si kila 'kuku' ni kuku: Uliza kabla hujala kwenye mgahawa wa Kiajemi

Umefika Dubai na familia. Mchana kutwa mmezunguka madukani Deira, miguu inauma, watoto wana njaa, na kwenye kona mnakuta mgahawa wa Kiajemi unaonukia nyama ya mkaa. Mnaingia. Menyu inaletwa, na katikati ya majina msiyoyajua macho yanatua kwenye neno moja mnalolijua tangu utotoni: kuku. Mtoto mdogo anapenda kuku. Basi, aletewe kuku.

Kinachokuja mezani si kuku. Ni kitu cha kijani, kinene kama mkate wa kumimina, kimekatwa vipande. Kwa Kiajemi, kuku ni mayai yaliyopigwa, yakachanganywa na majani mengi yaliyokatwakatwa, kisha yakakaangwa au kuokwa. Wapishi wengi huongezea na jozi, zile kokwa ambazo ukizipasua ndani zina umbo la ubongo mdogo. Kuku wetu sisi, yule mwenye mabawa, kwao huandikwa morgh, na akiwa mdogo wa kuchoma huandikwa joojeh.

Kwa watu wengi hilo ni jambo la kuchekea tu. Lakini kama mtoto wako ana mzio wa mayai au wa kokwa, kosa hilo la neno moja linaweza kuwafikisha hospitali kabla chai haijaletwa. Ndiyo maana wiki hii nimeamua tuzungumzie chakula cha Waajemi. Wasomaji wengi wa safu hii husafiri kwenda Dubai kwa biashara, kutembelea ndugu au kwa matibabu, na kila mmoja hubeba ugonjwa wake ndani ya ndege: kisukari, shinikizo la damu, moyo, figo, mzio, ujauzito. Ugonjwa haukai nyumbani kukusubiri.

Niseme mapema kwamba sikuandiki ili uogope. Hiki ni chakula kizuri: nyama ya kuchoma badala ya kukaanga, majani mabichi, mtindi, mikunde, matunda makavu. Mgonjwa mwenye nidhamu anaweza kula hapo akashiba na akalala salama. Ninachokuomba ni uulize kilichomo, kwa sababu jina la chakula halikuambii.

Mbona kinafanana na cha kwetu?

Dubai na Iran zinatazamana kuvuka Ghuba, na Waajemi wamefanya biashara na kuishi Dubai kwa vizazi. Mtaa wa zamani wa Al Bastakiya, ambao siku hizi huitwa Al Fahidi, ulipata jina lake kutoka mji wa Bastak, kusini mwa Iran. Upande wa Bur Dubai kuna mgahawa wa kababu uitwao Al Ustad Special Kabab uliofunguliwa mwaka 1978, na wafanyabiashara wetu wengi wanaufahamu.

Sisi wa pwani nasi si wageni na mambo hayo. Wapo wanaojiita Washirazi mpaka leo, na Makunduchi, Unguja, bado huadhimisha Mwaka Kogwa, sherehe yenye asili ya Nairuzi, mwaka mpya wa Kiajemi. Maneno kama bandari na achari yana asili hiyo hiyo. Kwenye menyu utaona polo, ambayo ni ndugu wa pilau. Utaona saladi ya Shirazi, ambayo ni tango, nyanya na kitunguu kwa ndimu, yaani kachumbari. Utaona tahdig, ambayo mpishi huitunza kama dhahabu na kuipa heshima ya pekee mezani. Ukiionja utaitambua mara moja: ni ukoko.

Kufanana huko ndiko kunakotupumbaza. Tunadhani tunakijua chakula, tunaacha kuuliza. Pilau ya nyumbani unajua kilichomo kwa sababu umeipika wewe. Polo ya mgahawani huenda ina lozi, pistashio, sukari au maharage ambayo kwa mtoto fulani ni sumu.

Anayekataa korosho asiguse pistashio

Tuanze na mzio, kwa kuwa ndio unaoweza kuua haraka kuliko vyote nitakavyovitaja leo.

Waajemi hutumia kokwa kama sisi tutumiavyo nazi. Kitoweo kiitwacho fesenjan ni kuku au bata aliyepikwa kwenye mchuzi mzito wa jozi zilizosagwa na maji ya komamanga. Ukikitazama ni mchuzi wa kahawia tu, na huoni kokwa hata moja. Shirin polo ni wali wenye maganda ya chungwa, lozi na pistashio. Mtindi wenye tango huja mara nyingine na jozi na zabibu kavu ndani. Biringanya za kuponda hunyunyiziwa jozi juu. Aiskrimu ya zafarani hujaa pistashio. Vile vijiti vyembamba vya kijani unavyoona vimetawanywa juu ya wali, ukadhani ni majani, mara nyingi ni pistashio iliyokatwa.

Kuna jambo moja ambalo wazazi wengi huku kwetu hawajaambiwa. Korosho na pistashio ni mimea ya ukoo mmoja, na protini zake zinafanana sana. Mtoto mwenye mzio wa korosho ana uwezekano mkubwa wa kudhurika na pistashio, hata kama hajawahi kuiona maishani mwake. Kama mwanao aliwahi kuvimba midomo au kutapika baada ya kula korosho, pistashio nayo iwe mwiko mpaka daktari atakapompima na kusema vinginevyo.

Dalili za mzio mkali huanza ndani ya dakika chache hadi saa mbili: midomo na ulimi kuvimba, vipele vinavyowasha mwilini, kutapika, sauti kukauka, kifua kubana na kukoroma, kizunguzungu, mtoto kulegea. Dawa ya kwanza ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje. Vidonge vya kuzuia muwasho havitoshi na visitumike kupoteza muda. Mwenye kalamu ya adrenalini aibebe hadi mezani, isiachwe chumbani. Mlaze mgonjwa, miguu juu kidogo. Kama anapumua kwa shida mwache akae. Usimsimamishe wala kumtembeza. Kisha piga 998, ambayo ni namba ya gari la wagonjwa katika Falme za Kiarabu.

Wali wa baghali na mtoto anayekojoa chai ya rangi

Sasa nikupe lile lililonifanya nishike kalamu wiki hii.

Miongoni mwa vyakula vinavyopendwa sana kwenye migahawa hiyo ni baghali polo: wali uliochanganywa na majani membamba yenye harufu nzuri na maharage makubwa, bapa, ya kijani, ukiletwa na mguu wa kondoo uliopikwa mpaka nyama inaachia mfupa. Ni mtamu kweli. Maharage hayo kwa Kiajemi ni baghali, kwa Waarabu ni ful, na kwa watu wa Ghuba utayasikia yakiitwa bajella, yakichemshwa na kuuzwa kama kitafunio. Menyu ya Kiingereza huandika broad beans au fava beans. Si maharage yetu ya kawaida ya mekundu au ya njano, hayo hayana shida hii.

Kuna watu waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD. Kazi ya kimeng'enya hicho ni kulinda chembe nyekundu za damu zisiharibiwe na kemikali fulani. Baghali ina kemikali za namna hiyo. Mwenye upungufu akiila, chembe zake nyekundu huanza kupasuka kwa wingi, na damu hupungua kwa siku moja au mbili kuliko ambavyo ingepungua kwa miezi.

Duniani inakadiriwa watu milioni 400 wana upungufu huu. Umeenea zaidi katika nchi ambazo malaria imekaa kwa muda mrefu, kwa sababu mwenye nao hupata kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Afrika Mashariki tumo, na nchi za Ghuba na Iran zimo pia. Aina inayopatikana zaidi kwa Waafrika kwa kawaida ni nyepesi kuliko ile ya Mashariki ya Kati, lakini wepesi huo si hakikisho, na familia nyingi za pwani zina damu ya pande zote mbili. Upungufu huu hurithiwa kupitia kromosomu ya X, hivyo wavulana ndio huathirika zaidi. Mama anaweza kuubeba bila dalili yoyote na akamrithisha mwanawe wa kiume.

Hatari yake ni kwamba dalili hazionekani mezani. Mtoto anakula, anacheka, mnarudi chumbani, analala. Dalili huja baada ya siku moja hadi tatu: mtoto anachoka, anapauka viganja na midomo, macho yanageuka manjano, homa, tumbo au mgongo kuuma, moyo kwenda mbio, na mkojo kuwa mweusi kama chai ya rangi au soda ya kola.

Hebu piga hesabu. Kama mlikula usiku wa mwisho wa safari, siku hiyo ya pili au ya tatu mko nyumbani tayari. Mzazi anampeleka mtoto kituo cha afya akiwa na homa, manjano, upungufu wa damu na mkojo mweusi. Daktari yeyote wa huku kwetu atafikiria malaria kwanza, na ana haki ya kufikiria hivyo. Malaria ipimwe. Lakini kipimo kikisema hakuna malaria, au hata kikisema ipo, daktari anahitaji kujua kwamba mtoto alikula baghali juzi. Bila taarifa hiyo anatafuta sababu gizani huku damu ikiendelea kushuka, na anaweza kumwandikia dawa zitakazoongeza uharibifu. Baadhi ya watoto huhitaji kuongezewa damu usiku ule ule. Kwa hiyo mzazi mwenzangu, maneno ya kwanza kumwambia daktari yawe: "Tulikuwa safarini, na mtoto alikula haya." Kama ulipiga picha ya sahani, mwonyeshe.

Nani apimwe kabla ya safari? Mtoto ambaye alipozaliwa alipata manjano kali mpaka akawekwa chini ya taa. Mtoto aliyewahi kukojoa mkojo mweusi baada ya homa au dawa. Mtoto ambaye kaka yake au mjomba wake upande wa mama ana tatizo hili. Mtoto mwenye selimundu ambaye hajawahi kupimwa G6PD. Kipimo ni cha damu na hufanyika katika hospitali kubwa na maabara zenye vifaa. Ukipima wakati chembe zinapasuka, majibu yanaweza kudanganya na kuonekana ya kawaida, kwa hiyo kirudiwe baada ya miezi kama mitatu.

Akigundulika, asile baghali kabisa, iwe mbichi, kavu au iliyopikwa, na mama anayemnyonyesha mtoto wa aina hiyo naye aiache. Tahadhari pia na zile gololi nyeupe za naftalini tunazoweka kabatini kufukuza nondo, na baadhi ya dawa, mfano dapsoni na primakwini. Usikatae dawa kwa kuogopa. Mwambie daktari hali yako, naye atachagua iliyo salama.

Kisukari: mlima wa wali na saa ya kula

Chakula cha taifa la Iran ni chelo kabab, yaani wali mweupe na mishikaki. Wali huo huletwa umejaa sahani nzima, laini, juu umepakwa zafarani na pembeni kuna siagi. Nyama inaonekana ndiyo nzito, kumbe kwa mwenye kisukari nyama si tatizo kubwa. Tatizo ni ule mlima.

Kikombe kimoja cha wali uliopikwa kina takribani gramu 45 za wanga, na sahani ya mgahawa hubeba vikombe viwili hadi vitatu kwa urahisi. Kabla ya wali umeshaletewa mkate wa moto, na baada yake kuna chai na vipande vya sukari. Zereshk polo, wali wenye vitunda vyekundu vichachu, mara nyingi huongezwa sukari kupunguza uchachu. Fesenjan nayo huongezwa. Chai yenye mabonge ya sukari kama vioo, iitwayo nabat, utaambiwa ni dawa ya tumbo. Kwako ni sukari tupu.

Fanya hivi. Omba sahani tupu ya ziada. Nusu ya sahani jaza kachumbari, majani na mboga, robo weka nyama, robo wali. Wali unaobaki gawana na wenzako au ufungiwe. Ukichagua mkate, acha wali, na ukichagua wali, acha mkate. Chai inywe kavu.

La pili ni saa. Watu wa Ghuba hula usiku sana, na mgahawa ukijaa unaweza kusubiri. Mgonjwa anayemeza glibenklamaidi au kujidunga insulini chumbani saa moja jioni, kisha akala saa nne usiku, anaitafuta sukari ya kushuka katikati ya mji wa ugenini. Beba dawa yako. Kidonge cha glibenklamaidi kimeze chakula kikiwa mbele yako. Kama insulini yako ni ile ya kudungwa nusu saa kabla ya kula, muulize mhudumu chakula kitachukua muda gani ndipo ujidunge, na ule mkate kidogo kama kinachelewa. Ukianza kutoka jasho jembamba, kutetemeka, moyo kudunda na kuchanganyikiwa, kula vipande vinne vya sukari ya chai au nusu glasi ya juisi, pima tena baada ya dakika 15, kisha ule chakula.

Chumvi iliyojificha kwenye kinywaji

Wenye shinikizo la damu hutazama kidau cha chumvi mezani na kukisogeza mbali. Sawa, lakini chumvi ya mgahawani imeshaingia kabla ya kidau. Doogh, kinywaji cha mtindi na maji chenye mnanaa, hutiwa chumvi. Torshi ni achari. Jibini nyeupe inayoletwa na majani ni ya chumvi. Mishikaki imelazwa kwenye viungo, na supu nzito ya tambi iitwayo ash huongezwa kashk, aina ya maziwa yaliyochachushwa yenye chumvi kali.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Glasi ya doogh, bakuli la ash na vipande vya achari vinaweza kula sehemu kubwa ya kiwango hicho kabla ya nyama kufika. Kunywa maji au mtindi usiotiwa chumvi. Achari onja, usile.

Wenye moyo dhaifu niwanong'oneze jambo ambalo huliona kila mara wasafiri wanaporudi kliniki. Safarini mtu huacha kidonge cha kukojoza kwa sababu hataki kutafuta choo sokoni. Usiku huo huo anakula chakula cha chumvi. Siku ya pili viatu vinabana, ya tatu hawezi kulala bila mito mitatu. Usiache kidonge. Mwombe daktari akupangie saa nyingine ya kukimeza, hata alasiri mkisharudi chumbani. Jipime uzito asubuhi kama kuna mizani. Ukiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu, tafuta daktari.

Wenye figo zilizochoka, hasa wanaosafishwa damu, wakumbuke kwamba nyanya za kuchoma, komamanga, viazi, mikunde na kokwa vina potasiamu nyingi. Kababu, wali kiasi, tango na kitunguu vinawafaa zaidi kuliko vitoweo vya majani na maharage.

Wanaomeza wafarini

Kitoweo maarufu cha ghormeh sabzi ni rundo la majani ya kijani yaliyokaangwa na kupikwa kwa saa nyingi pamoja na nyama, maharage mekundu na ndimu kavu. Majani hayo yana vitamini K, ambayo hupunguza nguvu ya wafarini. Kama una vali ya chuma kwenye moyo na nyumbani huli majani mengi, usile bakuli la ghormeh sabzi kila siku kwa wiki nzima. Mara moja, kiasi, haina neno. Siri ya wafarini ni kula majani kwa kiwango kinachofanana wiki hadi wiki, si kuyakimbia. Ukirudi safari, pima INR mapema.

Wajawazito na watoto wadogo

Mama mjamzito, kababu ya nyama ya kusaga iitwayo koobideh iive mpaka ndani, isibaki na wekundu. Ini la kuchoma liache kwa sasa, lina vitamini A nyingi kupita kiasi kwa kichanga kilicho tumboni. Kuna desturi ya zamani ya kuweka kiini cha yai bichi juu ya wali wa moto. Kataa kwa upole. Majani mabichi yanayoletwa na mkate ni mazuri, lakini kama huna uhakika yameoshwa vizuri yaache, na jibini laini uile tu kama imetengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa kiwandani. Zafarani uliyosikia inaharibu mimba haina ubaya kwa kiasi cha kupikia.

Chai nzito ichelewe. Ukiinywa na chakula huzuia mwili kufyonza madini ya chuma, na wajawazito na watoto wetu wengi tayari wana upungufu wa damu. Subiri saa moja. Ndimu mliyokamulia kachumbari yenyewe husaidia madini hayo kuingia.

Mtoto chini ya miaka mitano asipewe pistashio, lozi wala kokwa nyingine nzima, hata kama hana mzio. Zinaingia kwenye njia ya hewa kirahisi, hasa mtoto akila huku anacheka au anakimbia kati ya meza.

Namna ya kuuliza

Wahudumu wengi Dubai wanazungumza Kiingereza, Kihindi au Kiarabu, na wewe huenda Kiingereza chako ni cha dukani. Usione haya. Kabla ya safari hifadhi kwenye simu picha tatu: jozi, pistashio na baghali. Mwonyeshe mhudumu picha, kisha onyesha chakula unachotaka kwenye menyu na utikise kichwa. Akisita, mwombe akamuulize mpishi. Jibu la "nadhani hakuna" si jibu kwa mtoto mwenye mzio. Agiza kitu kingine.

Ukiniuliza mimi niagize nini kwa familia yenye mgonjwa wa kisukari, mwenye presha na watoto, nitakuambia: joojeh kabab, ambayo ni kuku wa kweli aliyelazwa kwenye ndimu na zafarani kisha akachomwa, saladi ya Shirazi bakuli mbili, sahani moja ya wali kwa watu wawili, maji, chai baadaye. Hata hapo, mwenye mzio aulize kilicholowekewa kuku na kilichonyunyizwa juu ya wali, na mwenye figo apunguze nyanya.

Na ukoko? Ukoko una mafuta mengi, lakini sitakunyima raha hiyo. Kipande kimoja kila mtu, mgonjwa naye apate chake. Uliza tu umetengenezwa na nini chini ya sufuria, maana wengine huchanganya wali huo na mtindi na yai.